Aliyechimba Kaburi la Babu

Dada yangu alinipigia simu Jumapili nilipokuwa natoka misa, na kabla hajamaliza sentensi ya kwanza nilijua kuna jambo baya, kwa sababu yeye ni mtu wa salamu ndefu. Huuliza watoto, huuliza baridi ya huku, huuliza magoti yangu, ndipo anafika kwenye neno lake. Siku ile alisema tu, "Kaka, wananitoa shambani."

Nilikaa kwenye ngazi za nyumba yetu hapa Buffalo, mtaa wa Riverside, kitabu cha sala kikiwa bado kwapani, nikamsikiliza. Mtu mmoja kutoka mjini alikuwa amekwenda mbele ya wazee wa mlima wetu, kule Kivu, akidai shamba lote kuanzia barabarani hadi kijitoni. Alisema ukoo wake ulikuwa pale kabla ya Wabelgiji, na kwamba babu yetu alikuwa mgeni tu, kibarua aliyeletwa kufanya kazi kwenye shamba la miti ya kwinini, dawa ya malaria, akapewa mahali pa kulala. Kwa desturi yetu aliyekuja kama mgeni hana cha kurithisha. Wazee hawakumkatalia. Walimwambia dada yangu alete mtu wa kushuhudia kwamba babu yetu alikuwa mtoto wa mlima ule. Akikosa, aondoke kabla ya mvua za kupanda maharage.

Dada yangu ni mjane. Mume wake amelala pale, pamoja na mtoto wao wa kwanza. Wakati wa vita sisi wengine tulikimbia moja kwa moja, tukazeekea kambini, mpaka Mungu akatufikisha Amerika, na kwa hilo simalizi kushukuru. Yeye alikimbia akarudi, akakimbia tena akarudi. Mara alikuta nyumba imechomwa, mara mabati yameng'olewa, na kila mara alifagia, akaanza upya. Mimi sijashika jembe kwenye shamba lile tangu niende shule ya katekista nikiwa kijana. Lakini mimi ni mzaliwa wa kwanza, na neno la ukoo hutafutwa kwa mzaliwa wa kwanza.

"Usiogope," nilimwambia. "Nitatafuta."

"Tafuta haraka, kaka. Huyu mtu anakuja kila wiki. Jana alipima migomba kwa macho."

Mmoja wa niliowafundisha katekisimu anafanya kazi katika ofisi ya ardhi kule. Nilimwomba anitafutie chochote cha zamani, naye akanitumia kwenye simu picha ya karatasi iliyoliwa na mende pembezoni. Ilikuwa ya wakati wa Wabelgiji, imeandikwa kwa Kifaransa, ikieleza mashamba ya wafanyakazi wa kwinini, nani yuko wapi na anapakana na nani. Nilimwona babu yangu pale, na jina la baba yake. Juu ya shamba lake kulikuwa na shamba la kapita, msimamizi wa wafanyakazi, naye jina la baba yake lilikuwa lile lile. Chini kulikuwa na kijito, na ng'ambo ya kijito familia nyingine.

Hivyo ndivyo baba alivyotueleza siku zote: babu na yule kapita walikuwa ndugu wa tumbo moja, wenyeji wa mlima. Nilipiga magoti palepale jikoni. Nilidhani kazi imekwisha.

Dada aliipeleka picha ile kwa wazee. Wakaitazama, wakamrudishia simu yake. "Mzungu aliandika alichoambiwa," walisema. "Tuletee kinywa cha mtu."

Sasa kinywa ningekitoa wapi? Watu wa mlima wetu wametawanyika kama mtama uliomwagika. Niliandika kwenye kundi la simu la watu wa kwetu, nikisali kati ya ujumbe na ujumbe, nikiuliza watoto wa kapita wako wapi, na watoto wa ng'ambo ya kijito. Majibu mengi yalikuwa ya makaburi. Huyu aliuawa njiani, yule alikufa kwa kipindupindu kambini. Nilianza kuogopa kufungua simu. Mwishowe likaja jibu kwamba mtoto wa ng'ambo ya kijito yuko Columbus, mzee sana, anakaa kwa mwanawe. Na binti wa mwisho wa kapita yuko Louisville. Nilisoma mara mbili. Binti wa kapita ni shangazi yangu, dada wa baba yangu kwa ukoo. Familia yake ilishuka mjini nikiwa bado shuleni, na tangu vita nilikuwa namwombea kama marehemu. Kumbe miaka yote hii alikuwa anakula na kulala umbali wa siku moja ya gari.

Binti yangu aliomba likizo kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee, akaniendesha. Ni mtoto mwema, ila ana ulimi.

"Papa, na kama hawakumbuki?"

"Mungu anakumbuka."

"Bon, sawa. Lakini wale wazee wa kule hawatampigia Mungu simu."

Mzee wa Columbus anakaa mtaa wa Clintonville, kwenye nyumba yenye bustani ndogo mbele. Mke wa mwanawe alitupokea kwa chai na mikate, akatuketisha karibu naye. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alicheka kwa furaha, akaniuliza kama ng'ombe wamevuka, na mimi nikajibu wamevuka. Nilimtajia babu yangu. Alimjua! Nilimtajia kapita, akapiga paja. Nikawasha simu ili nichukue sauti yake.

"Muzee, hao wawili walikuwa watoto wa baba mmoja?"

"Baba mumoja."

"Na shamba ni la babu yangu, kuanzia barabara hadi kijito?"

"Hadi kijito. La kwake lote."

Nilitaka kulia. Binti yangu alikuwa anamtazama mzee kwa namna ninayoijua, namna anayowatazama wazee wake wa kazini. Aliinama, akamwuliza kwa upole, "Na mama yao, muzee, alikuwa mzungu?"

"Mzungu kabisa," mzee akasema. "Mwenye nywele mpaka hapa."

Mke wa mwanawe alijifunika mdomo. "Papa, nisamehe," aliniambia. "Nilitaka kuwaambia mapema, lakini mumetoka mbali, nikaona haya. Anakubali kila kitu. Juzi alikubali yeye ni askofu. Donc, basi, akatubariki nyumba nzima, mpaka mutu wa kuleta vifurushi."

Tulicheka wote, na mzee alicheka kutuzidi. Lakini tulipoingia kwenye gari sikuweza kufunga mkanda, ikabidi binti yangu anifungie. Tulipokuwa barabarani dada alipiga. Yule mtu wa mjini alikuwa amepeleka vijana wakakata migomba ya upande wa juu. Nilimwambia tunakwenda kwa shangazi. Akauliza, "Na huyo wa Columbus?" Nilisema amezeeka.

Njia yote mpaka Louisville nilisema rozari, na sioni aibu kuandika kwamba maneno yalipita mdomoni bila mimi. Kila fumbo lilipoanza nilimwona dada yangu akiwa barabarani na sufuria zake. Anakwenda wapi mwanamke wa umri ule? Kambi zimejaa. Mjini hana mtu. Huku hawezi kuja, milango ya wakimbizi imefungwa. Nimefundisha watu maisha yangu yote kwamba Bwana hachelewi. Siku ile nilimwambia waziwazi kwamba namwona anachelewa.

Shangazi alikuwa sebuleni kwa mjukuu wake, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, kwa sababu joto la Louisville lilikuwa limemvimbisha. Macho yake yamefifia. Alinivuta karibu, akanipapasa uso kama mtu anayechagua parachichi.

"Hii paji ni ya baba yako," alisema. "Na masikio ni ya babu yako. Yeye pia Mungu alimuonea kwa masikio."

"Shangazi, hata sijaketi unanitukana?"

"Nisikutukane wewe nimtukane nani? Watu wangu wote wamekwisha."

Tulikula fufu na sombe, ugali na kisamvu vya kwetu. Aliuliza habari za wafu mmoja mmoja, na kwa kila mmoja tulifanya ishara ya msalaba. Akili yake ilikuwa wazi kama maji ya chemchemi. Binti yangu alimtega mara mbili, kwa adabu, na mara zote mbili shangazi alimwambia asimfanye mtoto. Ndipo nikamweleza shida yetu. Nilimweleza dada, yule mtu wa mjini, wazee wanaotaka kinywa, na ile karatasi ya Wabelgiji.

"Babu yako nilimjua vizuri," alisema. "Nilikuwa musichana mukubwa alipokufa. Baba yangu ndiye alichimba kaburi lake. Kwa mikono yake, na mvua inanyesha. Hakukubali mutu mwingine ashike jembe."

"Asante, Yesu," nilisema kwa sauti. Hatimaye nilikuwa na mtu aliyeona. Niligeuka kwa binti yangu nimwambie awashe simu.

"Washa," nilianza, nikaishia hapo.

Kwetu ndugu wa marehemu hachimbi kaburi. Ndugu hukaa chini, hulia, hunyolewa. Wanaochimba ni majirani. Ndivyo tulivyokuta, na hakuna nyumba inayokiuka, kwa sababu ndugu akichimba ni kama amemzika nduguye kwa hiari yake. Wazee wanapoamua mashauri ya mashamba, swali lao la kwanza huwa hilo: nani alichimba? Aliyechimba si wa damu.

Shangazi alisikia nilivyoishia njiani. Alitoa miguu kwenye beseni, akaifuta polepole.

"Ulikuwa hujui," alisema.

"Baba alituambia walikuwa ndugu."

"Baba yako aliambiwa vile. Na ile karatasi pia iliambiwa vile. Sikiliza, mutoto wangu. Babu yako aliletwa kwa kwinini pamoja na vijana wengine, kutoka mbali, upande wa jua linatoka. Alikuwa mugonjwa. Wale wagonjwa na wasio na ndugu mzungu alikuwa anawapeleka kwenye migodi ya kusini, na kule hawarudi. Siku ya kuandika watu, baba yangu alikuwa kapita, alikuwa anasimama kando ya mzungu kumwambia huyu ni nani. Alipofika babu yako, baba alisema: huyu ni mudogo wangu. Mzungu akaandika. Basi. Akamukatia kipande cha shamba lake mwenyewe, wakapanda miti ya mpaka pamoja."

"Kwa nini alimfanyia hivyo?"

"Sijui. Alimuhurumia. Mutu anaweza kumuhurumia mutu, hapana?"

Nilitoka nje, nikasimama kwenye maegesho ya magari chini ya jua. Ningeandika kwamba nilimshukuru Mungu kwa kapita yule, na nimemshukuru baadaye, mara nyingi. Lakini pale nilihisi tu kwamba ardhi imeondolewa. Mababu niliokuwa nawataja katika posa za watoto, kutoka baba hadi baba, hawakuwa wangu. Babu yangu alikuwa anaanzia kwenye meza ya mzungu, hana mtu nyuma yake. Na yule mtu wa mjini, mwizi yule, kwa upande wa babu alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimesafiri kutafuta shahidi wa dada yangu, nikampata shahidi wa adui yake.

Niliporudi ndani, shangazi alikuwa ameshaamua. "Nitasema walikuwa ndugu," alisema. "Baba yangu alisema vile mbele ya mzungu, mimi nitasema vile mbele ya wale wazee. Wakiuliza nani alichimba, nitataja wa ng'ambo ya kijito. Nani atakataa? Yule wa Columbus atakubali."

Binti yangu alinitazama. Wazee wale huapisha kwa jina la Mungu, na shangazi alikuwa na rozari shingoni. Nilitaka kumwambia ndiyo. Ndiyo ilikuwa mdomoni tayari. Nikasema shamba si langu, ni la dada, nimpigie kwanza.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho.

"Donc unaniuliza nini, kaka? Shangazi aseme kweli, mimi nilale wapi?"

"Nakuuliza tu."

"Wewe unalala Amerika. Kweli yako haivuji mvua." Akakata.

Hakuwa ametukana bure. Nilikaa na simu mapajani. Mjukuu wa shangazi alirudi kutoka kazini kwenye ghala, akatusalimia, akaona nyuso zetu, akaenda kuoga bila kuuliza. Tulilala pale, au tulijinyoosha tu. Asubuhi, kabla ya chai, dada alipiga mwenyewe, na mara hii alisalimia. Aliuliza magoti yangu. Kisha akasema, "Yule mama amezeeka, kaka. Atafika mbele ya Mungu kabla yangu. Siwezi kumubebesha kiapo cha uongo kwa sababu ya migomba. Aseme ilivyokuwa."

"Watakutoa."

"Najua. Mupe shangazi simu, wazee wamekaa."

Walikuwa wamekaa kweli, mchana wa kule, na simu ya dada iliwekwa katikati yao na sauti ikaongezwa. Walimwapisha shangazi. Wakauliza, kama nilivyojua watauliza, nani alichimba kaburi la mtu yule. Shangazi alisema, "Baba yangu." Tulisikia mguno ukipita kutoka mtu hadi mtu, na mtu mmoja akacheka. Nadhani alikuwa yule wa mjini.

"Sijamaliza," shangazi alisema. "Baba yangu hakumupa mahali pa kulala. Alimupa shamba. Miti ya mpaka walipanda wote wawili, mimi nilikuwa nabeba maji ya kumwagia. Sisi watoto wa baba hatujawahi kudai, na mimi sidai. Huyu anayedai leo, baba yangu hakumujua. Muulizeni alikuwa wapi wakati wa kupanda."

Mzee mmoja akasema, kwa heshima, kwamba mwanamke hana neno juu ya shamba la baba yake, lingesemwa na ndugu zake wanaume.

"Basi muwaite," alisema shangazi. "Munajua walipo. Muliwazika wenyewe."

Tulisikia kuku, na mtu akikohoa. Kisha simu ikakatika.

Tulirudi Buffalo bila kusimama Columbus. Wazee walichukua muda wao, na mimi nilikwenda misa kila asubuhi, nikirudi nikipita kando ya mto, bila kupata neno la kusali zaidi ya jina la dada yangu. Uamuzi wao ulikuja mvua zilipokaribia. Zawadi ya kapita waliikubali nusu, kwa kuwa hakukuwa na mwanamume wa nyumba yake wa kuisemea. Dada abaki na nyumba na migomba ya kuizunguka mpaka afe, kwa heshima ya aliyechimba. Shamba lote la chini, hadi kijitoni, lichukuliwe na yule mtu. Akifa dada, na nyumba pia iende.

Nilimpigia siku waliyokuja kuhamisha mpaka. Nyuma ya sauti yake nilisikia majembe, na vijana wakiitana.

"Wanang'oa ile miti," alisema. "Haitoki. Mizizi imeingia ndani sana."

"Wewe uko wapi?"

"Niko jikoni. Ninawapikia."

"Unawapikia hao?"

"Kaka, wametoka asubuhi bila kula. Mmoja ni mutoto niliyemupokea wakati mama yake anajifungua. Anaona haya, hanitazami." Nilimsikia akipuliza moto. "Kwa maharage nitabaki na mistari michache hapa nyuma ya nyumba. Mavuno yake hayatavuka krismasi."

Nilimwambia nitamwombea.

"Omba sasa," alisema. "Lakini polepole, nisikie na wao wamefika wapi."

Nilianza, kwa lugha ya mama yetu, neno moja moja. Kati ya maneno nilisikia jembe likipiga mzizi, likinyanyuliwa, likipiga tena, na dada yangu akisema amina pasipokuwa mwisho wa sala.